Utangulizi: Kuutambua Wongofu Katika Maisha ya Kila Siku

Katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume yumo mlinzi wa gereza la Filipi ambaye jina lake hatulijui. Alikabidhiwa wafungwa wawili, Paulo na Sila, wakiwa wametoka kupigwa bakora hadharani. Akawatia katika chumba cha ndani kabisa, akawafunga miguu kwa mkatale, akaenda kulala. Usiku wa manane likaja tetemeko la nchi, milango ikafunguka, na kabla ya mapambazuko mtu yule alikuwa ameamini. Sasa angalia jambo ambalo Luka analitaja mara baada ya hapo: saa ileile ya usiku aliwachukua akawaosha majeraha. Ubatizo ukafuata, kisha akawaandalia chakula nyumbani kwake. Majeraha yale yalikuwapo tangu walipoletwa, naye alikuwa karibu nayo alipokuwa akifunga mkatale. Wakati ule hayakumhusu. Alipoamini, yalimhusu.

Karibu, msomaji. Nimeanza na mlinzi huyu kwa sababu kitendo chake kinabeba swali zima la somo hili: mtu akisema ameongoka, jambo hilo linaonekana wapi? Wanateolojia, wanahistoria na wachunguzi wa jamii wameliandikia vitabu vingi swali hili, na mama mkwe hulijibu kimyakimya baada ya kukaa muda na mkwewe aliyeokoka. Huhitaji Kigiriki wala Kiebrania ili kulianza. Unahitaji Biblia, subira, na nia ya kuwatazama watu kwa haki, ukianza na nafsi yako.

Tushike kwanza maneno machache ya lazima. Wongofu ni kugeuka kwa mtu: anaacha mwelekeo aliokuwa nao na kushika mwingine kwa kumwamini Kristo. Makanisani utasikia pia kuokoka na kuzaliwa mara ya pili. Wataalamu huyatofautisha, lakini kwa hatua hii yachukue kuwa majina ya jambo moja. Wongofu una pande mbili. Toba ndiyo upande unaotazama nyuma, mtu anapokiri ubaya wake na kuuacha. Imani ndiyo upande unaotazama mbele, anapojikabidhi kwa Kristo. Pande hizi haziachani. Mwenye majuto bila imani hukata tamaa, na mwenye kudai imani bila toba hubaki alivyokuwa, akiwa amebadilisha msamiati tu.

Yako mengine mawili, na hapa wanafunzi wengi hujikwaa, kwa hiyo twende polepole. Kuhesabiwa haki ni tendo la Mungu kumpokea mwenye dhambi na kumtangaza kuwa hana hatia kwa ajili ya Kristo. Utakaso ni kazi ya Mungu ya kumbadilisha mtu huyo tabia, kazi inayoendelea maisha yake yote. Mtu akisoma Waefeso 2 kwamba tumeokolewa kwa neema, kisha akafungua Yakobo 2 na kukuta kwamba imani isiyo na matendo imekufa, hudhani mitume wamegombana. Hawakugombana. Paulo anajibu swali la mtu anayeuliza apokewe na Mungu kwa msingi gani. Yakobo anajibu swali la mtu aliyemwona ndugu yake hana nguo wala chakula, akamwambia aende kwa amani, asimpe kitu. Isitoshe, Paulo mwenyewe, katika mstari wa 10 wa sura ileile ya Waefeso, anasema tuliumbwa katika Kristo ili tutende mema. Yesu aliliweka jambo hili kwa mfano wa mti na matunda yake katika Mathayo 7, nami sitatafuta mfano mwingine. Mwembe hauwi mwembe kwa sababu umezaa maembe. Lakini anayepita barabarani, asiyeweza kuona mizizi, ataujua kwa maembe.

Weka msingi huo imara kabla ya kusonga mbele. Alama za wongofu huonyesha, haziokoi. Ukilisahau hilo, somo hili litakugeukia kuwa mzigo, na kila utakapoteleza utadhani umepotea.

Sasa tuingie kwenye alama zenyewe, tukianzia kwa Yohana Mbatizaji. Katika Luka 3 anawataka watu wazae matunda yapasayo toba, nao wanamuuliza swali la maana sana: tufanye nini basi? Majibu yake ni ya kawaida hata yanashangaza. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, waridhike na mshahara wao. Hakumwambia yeyote ahamie jangwani akale nzige pamoja naye. Kila mmoja alirudishwa kazini kwake, na toba yake ikapewa umbo la kazi hiyo. Nadhani Yohana angekuja leo sokoni angemwambia mnunuzi wa viazi aache lumbesa, maana gunia linaloshonewa kilemba juu ni kudai zaidi ya kiwango kilichowekwa, na anayelipia ni mkulima. Mwenye nyumba angeambiwa habari ya mshahara wa dada wa kazi ambao haujalipwa. Na mtu aliyepokea kwenye simu pesa zilizotumwa kimakosa, akazima simu, angejua mwenyewe la kufanya.

Kutoka kwa Yohana twende Yeriko, kwa Zakayo, katika Luka 19. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hadithi hii tumeifundisha sana kwa watoto hata watu wazima tukaacha kuisoma. Sote tunakumbuka ufupi wake na mti aliopanda. Tunachosahau ni hesabu zake. Zakayo anasema nusu ya mali yake atawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Fungua sasa Mambo ya Walawi 6 na Hesabu 5. Sheria ilisema mtu akijitambua kuwa amemdhulumu mwenzake na kukiri, arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu moja ya tano. Malipo ya mara nne yako Kutoka 22, nayo yalimhusu mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Tuseme Zakayo alimdhulumu mtu shilingi 100,000. Kwa kuwa alikiri mwenyewe, sheria ingemdai 120,000. Yeye anataja 400,000. Amejihukumu kama mwizi aliyeshikwa, ingawa hakuna aliyemshika. Tena Luka hasemi popote kwamba Yesu alimdai chochote. Yesu alimwambia tu kwamba imempasa kukaa nyumbani kwake.

Kitendo cha kumrudishia mtu ulichomdhulumu huitwa urejesho. Utakutana nacho kila mahali katika somo hili, na sababu yake ni nyepesi: urejesho una shahidi asiye na haja ya kukusifu. Anayelia madhabahuni hushuhudiwa na kutaniko lililokuja kumwombea. Anayerudisha hela hushuhudiwa na mtu aliyeibiwa, ambaye pengine hampendi, pengine si wa dini yake, na anayejua kuhesabu.

Ukimweka mlinzi wa Filipi kando ya Zakayo, utaona jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha somo lote. Wote wawili walifanya jambo ambalo jamii yao haikuwadai. Hakuna mkubwa wa kazi ambaye angemlaumu mlinzi kwa kuacha majeraha yalivyo, na hakuna hakimu ambaye angemtoza Zakayo mara nne. Alama ya wongofu huaminika zaidi pale inapomgharimu mtu mahali ambapo desturi ilikuwa imekwisha kumsamehe. Kuacha kosa ambalo kijiji kizima kinalichukia ni jambo jema, lakini hata aibu yaweza kukufanya uliache.

Huenda sasa unauliza: na machozi je? Na ndoto, na kusali usiku kucha, na kukariri Maandiko? Aliyeliandikia swali hili kwa uangalifu kuliko wengi ni Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton huko Massachusetts. Kanisa lake lilipitia uamsho mkubwa, yaani kipindi ambacho watu wengi huamka kiroho kwa pamoja, mwaka 1734 na 1735, na mwingine tena miaka michache baadaye. Aliona watu wakilia na kuanguka, kisha akaona baadhi yao wakirudia ugomvi na uchoyo wao wa zamani. Mwaka 1746 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu hisia za kidini. Ndani yake anataja kwanza alama 12 zisizothibitisha chochote: ukali wa hisia, mwili kutetemeka, wingi wa maneno ya kidini, mistari ya Biblia kumjia mtu ghafla, na kadhalika. Haya, anasema, yanaweza kuwapo kwa mwongofu wa kweli na kwa asiye mwongofu. Hakuyadharau. Alikataa tu kuyapa kazi ya ushahidi. Kisha anataja alama 12 za kuaminika, na ya mwisho, anayoieleza kwa kurasa nyingi kuliko nyingine zote, ni mwenendo wa Kikristo unaodumu katika maisha.

Ningependa uishie kumheshimu Edwards, lakini ni lazima nikuambie na hili. Mwaka 1731, akiwa Newport, alinunua msichana Mwafrika aliyeitwa Venus, na hati ya mauzo imehifadhiwa hadi leo. Maisha yake yote aliendelea kumiliki watumwa. Mtu aliyetufundisha kuipima imani kwa mwenendo hakuona kwamba mwenendo huo unahusu pia binti aliyelala chini ya dari yake. Wengine husikia habari hii wakataka kumtupa yeye na vitabu vyake. Wengine humtetea kwa kusema ndivyo zama zake zilivyokuwa. Mimi naona wote wanalikimbia somo. Kama kiini ni kile nilichokitaja, basi mahali pa kumpima Edwards palikuwa papo hapo, ambapo zama zake zilimsamehe. Na kama yeye hakuona, wewe nami tunapaswa kujiuliza zama zetu zimetusamehe nini.

Tuje kwetu sasa, maana Afrika Mashariki ina mfano wa kihistoria ambao wasomi wa dunia nzima huujia. Septemba 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha misheni cha Gahini nchini Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameajiriwa na serikali katika idara ya afya. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, na huko yeye, Yosiya Kinuka wa hospitali na wenzao wakawa kiini cha uamsho uliovuka mipaka katika miaka ya 1930: Kigezi, Buganda, Burundi, Bukoba, na mwaka 1937 Kabete nchini Kenya. Kigozi alifariki Januari 1936, hakuona ulikofika. Waliookoka waliitwa kwa Kiganda balokole, na ndipo Kiswahili kikapata walokole.

Walokole wale walikuwa na msamiati wao, nawe utauhitaji. Kutembea nuruni kulikuwa kuishi bila kuficha dhambi, kwa kuiungama waziwazi mbele ya ndugu katika ushirika, yaani mkutano wao wa kila wiki. Kuvunjika kulikuwa kuacha kiburi cha kujitetea unapoonyeshwa kosa. Lakini majirani waliwatambua kwa vitendo kuliko kwa msamiati. Watu walirudisha ng'ombe, majembe na fedha. Watumishi walirudisha vitu vya hospitali na vya waajiri. Wanaume ambao kwa desturi walikula peke yao wakaanza kula pamoja na wake zao. Wamisionari Wazungu walisimama, katikati ya utawala wa kikoloni, wakaungama kwa Waafrika kiburi chao cha rangi na kuwaomba radhi. Tafakari jinsi hilo la mwisho lilivyokuwa zito katika miaka ile. Hakuna sheria ya koloni iliyolidai.

Usidhani kila mtu alifurahi. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu uamsho huu, ameonyesha jinsi maungamo ya walokole yalivyowaudhi wazee na viongozi. Mtu akiungama uzinzi hadharani anafichua pia mambo ya mwenzake na ya ukoo mzima, mambo ambayo heshima ilitaka yafunikwe. Nafikiri wazee wale walikuwa na hoja. Kuungama kunakomwaga siri ya mtu mwingine bila idhini yake kunaweza kuwa dhuluma mpya, na si kila ungamo ni alama ya kuvunjika. Miaka ya baadaye baadhi ya ndugu waliongeza masharti juu ya mavazi na mikopo, wakawa wanawapima wenzao kwa hayo. Kosa hilo huitwa ushika-sheria: kuigeuza alama kuwa kanuni, kisha kuishika kanuni na kuisahau toba. Linaingia polepole, na huwaingia hasa wenye bidii.

Jaribio kali zaidi lilikuja vitani. Kenya ilipokuwa katika hali ya hatari, kuanzia 1952, ndugu wengi wa uamsho huko Ukikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki upande wa serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Unaweza kubishana na msimamo wao wa kisiasa, na wanahistoria wanabishana. Huwezi kusema ulikuwa msimamo wa faida.

Kisha kuna Nyamata, kusini mwa Kigali. Januari 1964 mchungaji wa Kianglikana aitwaye Yona Kanamuzeyi, aliyekuwa akiwahudumia watu waliofukuzwa makwao kwa sababu ya kuwa Watutsi, alichukuliwa na askari usiku akauawa. Miaka 30 baadaye, Aprili 1994, katika mji huohuo, watu waliokimbilia kanisa Katoliki waliuawa humo ndani, na jengo hilo leo ni mahali pa kumbukumbu. Rwanda wakati huo ilikuwa nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa sana ya watu wake, na ndiyo nchi ya Gahini. Mwanafunzi wa wongofu asiyesimama hapa hajaanza kusoma. Wengi walikuwa wamebatizwa, wamefunzwa kuacha pombe na uzinzi, lakini chuki ya kikabila haikuhesabiwa miongoni mwa dhambi za kuungama. Wapo pia waliowaficha majirani zao, na wapo waliokufa kwa kukataa kutengwa na ndugu zao. Wao na Kanamuzeyi wanatuonyesha kwamba ilikuwa inawezekana kuona.

Kabla hujaendelea na sura zinazofuata, nijibu maswali mawili ambayo wageni wa somo hili huyabeba moyoni. La kwanza: mimi sikumbuki siku niliyookoka, je, wongofu wangu si wa kweli? Timotheo alipokea imani iliyokuwa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo hamdai tarehe. Wapo wanaogeuka kwa usiku mmoja kama mlinzi wa Filipi, na wapo wanaogeuka kwa miaka mingi. Alama zilezile huwapima wote, nazo hutazama maisha ya leo.

La pili: jirani yangu Mwislamu ni mwaminifu kuliko walokole ninaowajua, alama hizi zinathibitisha nini basi? Swali zuri, na uaminifu wa jirani yako ni wa kumshukuru Mungu. Kosa ni kumlinganisha mtu na mtu. Watu hawakuanzia mahali pamoja: mmoja alilelewa katika upole, mwingine alirithi hasira na kipigo. Alama ya wongofu hupimwa kwa kumlinganisha mtu na alivyokuwa, na kwa kuuliza anafanya hivyo kwa ajili ya nani. Ndiyo maana Paulo katika Wagalatia 5 anazungumzia tunda la Roho, yaani tabia ambayo Roho Mtakatifu huikuza ndani ya mtu: upendo, uvumilivu, upole, kiasi. Hukua, na kinachokua huchukua muda. Kumbuka pia kwamba sura ileile ya Mathayo inayotuambia tuwatambue watu kwa matunda inaanza kwa kutukataza kuhukumu, na boriti inayotajwa hapo imo katika jicho la anayepima.

Basi anza hivi. Soma Luka 3 na 19, Matendo 16, kisha barua fupi ya Filemoni, ambamo Paulo anamwomba bwana ampokee mtumwa wake Onesimo kama ndugu, na kuahidi kulipa deni la Onesimo yeye mwenyewe. Andika kila mahali imani inapogusa fedha, kazi, nyumba au adui. Baada ya hapo watafute wazee waliookoka katika uamsho. Bado wapo Kagera, Kigezi na Ukikuyu, na umri wao umekwenda. Waulize walirudisha nini, walimrudishia nani, na nyumbani kulibadilika nini. Mtu aliyerudishiwa akiwa bado hai, mwombe ruhusa umsikilize naye. Ushuhuda wa waliorudisha tunao mwingi, wa waliorudishiwa tunao mchache sana. Nenda ukaukusanye mapema.